Tupeane uzoefu: Unapoonja bia nyumbani, unajuaje kwamba ni nzima?

Mwana Nyawera
Ndugu zangu, naandika kwa sababu ya jambo lililonipata Jumamosi na ambalo bado linaniuma. Mjomba wangu alishuka kutoka Kabare kunitembelea, nami, kama desturi inavyotaka, nikamkaribisha kwa bia. Niliifungua chupa mbele yake na kummiminia, naye akainua glasi hadi usawa wa dirisha, akaitazama, akaipeleka puani, kisha akaiweka mezani bila kuigusa kwa mdomo na kuomba maji. Hakunilaumu hata kidogo. Nilipokuwa namsindikiza ndipo aliponiambia kwa sauti ya chini, «Mpwa wangu, bia ile inanuka kicheche.» Kasie ile, yaani kreti ya chupa, ilikuwa imekaa wiki tatu barazani kwangu, mahali panapopigwa na jua tangu asubuhi. Ninyi mnaipimaje bia nyumbani kabla mgeni hajaipima kwa niaba yenu?

Mkaazi wa Kadutu
Yalitupata hata sisi, na chanzo kilikuwa hilo hilo jua.

Mpimaji wa Bagira
Nimefanya kazi ya kuonja na kupima bia kwa miaka kadhaa, kwa hiyo naomba nieleze. Uchungu wa bia unatoka kwenye maua ya hopsi, na uchungu huo ukipigwa na mwanga wa jua huvunjika na kuungana na salfa iliyomo ndani ya bia, ndipo inapozaliwa harufu inayofanana sana na ya kicheche. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno. Joto peke yake halileti harufu hiyo. Mwanga ndio unaoileta, na ndiyo sababu chupa za kahawia hutumika, kwa kuwa huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ilhali ya kijani huzuia kidogo na nyeupe karibu haizuii kitu. Kahawia nayo ina kikomo chake, na wiki tatu za jua la barazani ni nyingi.

Mimi nyumbani huanza na macho, nikafuata pua, na ulimi ukawa wa mwisho. Bia nyepesi ya kimanjano inapaswa kuangaza kiasi cha kuona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Ikiwa na ukungu inapotoka kwenye baridi, usiimwage, bali isubiri ipate joto kidogo: ukungu ukitoweka, ni protini za nafaka zilizoganda kwa baridi, wala hazina madhara. Ukungu ukibaki na uchachu ukaufuata, hapo vijidudu vimeingia. Kisha izungushe glasi taratibu na unuse mara moja, kwa muda mfupi, kwa sababu pua huchoka haraka. Ukinusa siagi, hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi yake. Ukinusa mahindi yaliyochemshwa, chanzo kiko kwenye kimea na namna kilivyopikwa. Harufu ya karatasi iliyolowa ni ya bia iliyozeeka au iliyokaa kwenye joto. Siki ni siki, kila mtu anaijua.

Kijana wa Panzi
Na povu je? Baba yangu alitufundisha kuimimina bia ukingoni mwa glasi ili pasiwe na povu hata kidogo, kwa maana povu ni hewa ambayo umeilipia kama bia. Nyumbani kwetu glasi yenye povu ilihesabiwa kuwa ni uvivu wa mmiminaji.

Mpimaji wa Bagira
Ndugu, namheshimu mzee wako, lakini katika hilo sikubaliani naye. Povu ndilo linaloibeba harufu na kuileta puani, na bia isiyotoa povu kabisa inakueleza jambo: ama gesi yake imetoroka, ama glasi yako ni chafu.

Kijana wa Panzi
Glasi za mama yangu si chafu. Zinaoshwa kwa sabuni kila siku.

Mpimaji wa Bagira
Sikukusudia kumdharau mama, na naomba radhi ikiwa imesikika hivyo. Sabuni yenyewe ndiyo shida, pamoja na mafuta ya kitambaa kilichofutia sahani. Jaribu hivi jioni ya leo: lowesha glasi kwa maji safi, imwage, kisha nyunyiza chumvi ndani yake. Kwenye glasi safi chumvi hushika kila mahali kwa usawa, na pale penye mafuta haishiki. Alama nyingine ni mapovu madogo yanayong'ang'ania ubavuni mwa glasi badala ya kupanda juu. Mimi za kwangu huzisuuza kwa maji mengi na kuziacha zikauke zenyewe zikiwa zimepinduliwa, bila kitambaa.

Kijana wa Panzi
Nimejaribu chumvi. Glasi mbili kati ya sita hazikushika vizuri. Mama amekubali, ila baba bado anashikilia maneno yake kuhusu povu.

Mama wa Kabare
Nimesoma habari ya mjomba na ile glasi iliyorudishwa mezani, nikakumbuka siku ambayo sijawahi kuisimulia. Ninyi mnazungumzia bia ya chupa. Yangu ilikuwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Tulikuwa tunapokea ugeni wa mahari ya mdogo wangu, na kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa, kazi ya kuandaa kasiksi iliniangukia mimi. Ndizi za shamba letu wakati ule zilikuwa zimeguswa na mnyauko, ule ugonjwa wa migomba ulioonekana kwanza nchini kwetu Kongo huko Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001 na ambao baadaye ulitufikia na sisi wa Kivu Kusini. Baadhi ya ndizi zilionekana zimeiva kabla ya wakati wake, lakini nilipozimenya nikakuta nyama ya ndani ina madoa ya kahawia kama kutu. Nilipaswa kuzitupa. Nilihesabu wageni, nikahesabu ndizi, nikazichanganya zote, na mutobe, yaani maji ya ndizi zilizokamuliwa, uliotoka ulikuwa mchache na hauna utamu, nami nikauongezea maji ili chombo kijae. Nikatia mtama uliokaangwa na kusagwa, nikafunika haraka haraka kwa nailoni, nikaamini Mungu.

Ugeni ulitazamiwa siku ya tatu. Mvua ikaharibu barabara, wakafika siku ya tano.

Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, mbele ya wote, ili wageni wajue kwamba hawakualikwa kwenye sumu. Nilipiga magoti, nikaweka mrija kinywani, na kabla ya kumeza nilijua kwamba ile ni siki. Wazee wa upande wa pili walikuwa wananitazama usoni. Nilimeza. Nilitaka kusema kwamba ni nzuri, maneno yakakataa kutoka, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, «Wazee wetu, hii imepita muda wake, msiinywe.» Baba alitazama chini. Tulimtuma kijana depo kuleta kasie nne, na fedha zilizolipa kasie hizo zilikuwa za kununulia mbuzi. Mdogo wangu aliolewa na ana watoto wanne leo, lakini mimi mpaka sasa siwezi kupita karibu na chombo cha kasiksi bila kusimama.

Baada ya siku ile shangazi yangu alinichukua kwake akanifundisha kupima kwa sikio. Kasiksi iliyo katikati ya kazi inasikika: ukiinamisha kichwa juu ya chombo utasikia mchemko mwembamba kama mvua ndogo juu ya majani ya mgomba. Siku ya kwanza harufu ni ya ndizi na mkate, siku ya pili mvuke wake unachoma pua kidogo na sauti ni kubwa, na sauti inapoanza kufifia ndipo inapotakiwa kuchujwa na kunywewa. Ikinyamaza kabisa huku imefunuliwa, hewa imeingia, na hewa ndiyo inayoigeuza pombe kuwa siki. Sikujua hayo. Nilipima kwa hesabu ya siku, na siku zilinidanganya.

Mkaazi wa Kadutu
Mama, ulifanya vema kusema ukweli mbele yao.

Msafiri wa Walungu
Habari ya sauti imenigusa kwa sababu mimi niliisikia nikiwa ndani ya teksi. Nilipewa bidoni ya njano ya lita 20 iliyojaa kasiksi changa, nikaifunga kwa nguvu zangu zote ili isimwagike, nikaipakata mapajani. Kwenye miinuko kabla ya kuingia mjini bidoni ilikuwa imevimba kama tumbo la ng'ombe. Tulikuwa watu sita ndani ya gari. Mama mmoja alisema nifungue, dereva akasema nisifungue kamwe, nami nikalegeza kifuniko kidogo tu. Kifuniko kiligonga paa. Kasiksi ilifika kwenye kioo cha mbele, kwenye nywele za abiria wote na kwenye shati jeupe la mwalimu aliyekuwa anakwenda kwenye mtihani.

Binti wa Muhumba
Mwalimu alifika kwenye mtihani?

Kijana wa Panzi
Na dereva ulimlipa nini?

Msafiri wa Walungu
Mwalimu alifika, akiwa amevaa koti la dereva. Dereva nilimlipa nauli ya watu watatu pamoja na gharama ya kuosha gari.

Papa wa Nguba
Naomba turudi kwenye swali. Kupasuka kwa bidoni hakutuambii lolote kuhusu ubora.

Mama wa Kabare
Papa, kwa heshima zote, kunatuambia. Iliyovimbisha bidoni ilikuwa bado inachacha, haikuwa tayari kunywewa, na anayeinywa katika hali hiyo anaumwa tumbo usiku kucha. Kasiksi changa hubebwa kifuniko kikiwa kimelegezwa na jani likiwa limewekwa mdomoni.

Fundi wa Essence
Mimi napima kwa moto. Mimina kijikoni, washa, moto ukiwa wa bluu ni salama.

Mpimaji wa Bagira
Ndugu, bia haiwaki, pombe yake ni chache mno. Wewe unazungumzia kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, na hata huko usimfundishe mtu hivyo. Pombe ya kawaida huwaka bluu, na ile yenye sumu ya methanoli nayo huwaka bluu hafifu, kwa hiyo moto hautenganishi iliyo salama na inayopofusha macho. Tafadhali tubaki kwenye bia.

Papa wa Nguba
Mimi naongeza machache kuhusu baridi. Watu wengi hapa mjini, umeme ukirudi, huigandisha bia hadi ilete barafu, halafu wanaisifu. Baridi kali huua ladha, njema na mbaya pamoja. Mtu akitaka kuijua bia, na aiache kidogo nje ya friji baada ya kuitoa, aionje ikiwa kwenye nyuzi 7 au 8, hapo haitaweza kuficha kitu.

Binti wa Muhumba
Babu yangu alikuwa anaficha chupa chini ya kitanda mwaka mzima na kusema zinakomaa. Je, alikosea?

Mpimaji wa Bagira
Bia nyepesi haikomai, inazeeka tu. Soma tarehe, chukua iliyo mpya zaidi. Chini ya kitanda ni mahali pazuri kwa giza na ubaridi, kwa hiyo mzee alipatia mahali akakosea muda. Na anayetaka kuhakikisha pua yake, atumie glasi tatu: mbili ziwe na bia moja, ya tatu iwe na bia nyingine, amiminiwe na mtu mwingine bila yeye kuona, kisha aitafute iliyo tofauti. Ndivyo tulivyofundishwa kazini.

Mwana Nyawera
Nimefanya hivyo jana. Nilimwalika tena mjomba, nikanunua chupa mpya depo, nikachukua na moja ya zile za barazani, mke wangu akamimina glasi tatu jikoni. Mimi nilikosea mara ya kwanza, nikapatia mara ya pili. Mjomba alipatia mara zote mbili kabla hata ya kuonja, kisha akaipokea ile mpya kwa mikono miwili na kuinywa yote. Zilizobaki za barazani nimezimwaga. Ila ana swali kwa Mama wa Kabare: kama nailoni haifai, kasiksi ifunikwe kwa kitu gani?

Mama wa Kabare
Mwambie majani ya mgomba, yaliyopitishwa kwanza juu ya moto ili yalainike yasipasuke, yapangwe tabaka mbili, na juu yake uwekwe ubao. Nailoni hutoa jasho, na jasho hilo hudondokea ndani.