Tupeane uzoefu: chakula gani kilikubeba ulipokuwa kwenye wakati mgumu?

Ngosha wa Zamu

Wakuu, habari za jioni. Nyuzi za chakula humu nyingi ni za kushindana, pilau ya wapi tamu, nani bingwa wa kuku wa kupaka. Leo naomba tubadilishe. Nataka kile chakula ambacho umefukuzwa kazi, au umefiwa, au uko ugenini hujui kesho yako, ukikipata pumzi inashuka. Si lazima kiwe kitamu. Na mtuambie kinapikwaje, maana wengine mama zetu hawapo tena wa kuwauliza.

Naanza. Mzee wangu alipopata kiharusi nilihamia hospitalini, nalala kwenye benchi, nakula chipsi kavu za getini. Shangazi akaja na basi kutoka Shinyanga, kabeba michembe. Kwa wasiojua: viazi vitamu vinamenywa, vinakatwa vipande na kuanikwa vibichi mpaka vikauke kabisa. (Vikichemshwa kwanza ndipo vianikwe, hiyo ni matobolwa, tusichanganye.) Nje palikuwa na sehemu ya ndugu wa wagonjwa kupikia. Akachemsha michembe, akamwagia karanga zilizotwangwa, basi. Utotoni nilikuwa naichukia, ni chakula cha kiangazi, ghala likiisha. Siku ile nilikula mpaka shangazi akacheka. Na mzee, mdomo umepinda upande, alipopondewa laini akameza. Manesi walikuwa wameshindwa kumlisha chochote.

Mke wa Kibosho

Mtori.

Mnaujua kama supu ya asubuhi ya wenye hangover, lakini Uchagani ule ni wa mzazi. Mwanamke akijifungua anapikiwa mtori ili apate nguvu na maziwa. Mimi nilitoka wodini bila mtoto. Nyumbani kila mtu alikuwa anapita pembeni yangu kana kwamba chumba kina mgonjwa wa kuambukiza. Vile vitu nilivyoandaliwa, kanga mpya, asali, vyote vikafichwa.

Mama mkwe akashuka kutoka mlimani na mkungu wa ndizi mshare. Akaingia jikoni hakuongea na mtu. Akaniletea bakuli la mtori, nikamwambia mama, mimi si mzazi. Akasema, "Umezaa, mwanangu. Kula cha mzazi." Nilikula nikilia na maziwa yakitoka yenyewe, dada zangu waliopitia huko wanajua. Alinipikia hivyo hivyo mpaka siku za uzazi zikaisha, kama ambavyo angefanya mtoto angekuwepo. Hakuna ushauri niliopewa na mtu yeyote uliofika pale bakuli lile lilipofika.

Namna: tafuta mshare, ndizi nyingine hazitoi ule ulaini. Menya, loweka kwenye maji zisiwe nyeusi. Chemsha nyama yenye mifupa kwanza iive kweli, tia ndizi na kitunguu humo humo. Zikilainika toa nyama, pekecha kwa kipekecho, rudisha nyama iliyochambuliwa. Siagi ya kienyeji mwishoni. Usitie nyanya wala viungo, huo utakuwa mchuzi wa ndizi.

Simba Mzee

Pole sana dada. Nilikuja kuandika utani wa ugali dagaa, nimeufuta.

Mtu wa Kangemi

Pole mama. Sisi huku Nairobi ni chapo madondo. Nilikuwa weita kwa hoteli moja ya watalii, Machi 2020 corona ikaingia, tukaambiwa tukae nyumbani tutaitwa. Hatukuitwa. Kulikuwa na mama wa kibanda karibu na kwetu, nilikuwa nakula hapo nikiwa na pesa. Sasa nikawa napita mbali nisimwangalie machoni. Siku moja akaniita kwa sauti mbele ya watu, "Wewe, kwani umehama?" Akanikalisha. Chapati kwa sahani, maharagwe juu, na ingine akaficha chini ya maharagwe ndio wale wa foleni wasianze maneno. Akaandika kwa daftari. Deni nilikuja kumaliza nikiwa tayari nafanya kazi ya mjengo.

Siri ya madondo yake: analoweka usiku, anachemsha kwa makaa si gesi, dania haikosi. Mimi hupika kwa gesi, haifanani hata kidogo.

Mnyamavu

Mimi tofauti na ninyi. Nikipata shida koo linafunga kabisa. Wali maharage wa msibani, watu wanaokula sinia tatu tatu marehemu yuko ndani, huwa nawashangaa. Kitu pekee kinachopita ni uji wa mchele mwepesi wenye tui na pilipili manga, tena kikombe, si bakuli. Msinilazimishe kula jamani. Kila msiba kuna shangazi wa kulazimisha.

Simba Mzee

Hao wa sinia tatu wengine wametoka mikoani usiku kucha, mkuu. Waache wale.

Muntu ya Goma

Jambo yenu wote. Kiswahili changu ni cha Kongo, mtanivumilia.

Volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021 jioni. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka bila kupumzika, tarehe 27 serikali ikaamuru mitaa mingi ya Goma ihame. Sisi tulienda mji wa Sake, kwa miguu, bibi yangu tukimsukuma kwenye tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Familia moja isiyotujua ikatupa pa kulala. Mama wa nyumba akaanza kutwanga sombe.

Kisamvu mnavyoita ninyi. Kinachohusu sombe ni kwamba haina haraka. Majani ya muhogo yasipoiva vizuri yana sumu, lazima yakae motoni saa nyingi, ndipo utie mawese, kitunguu, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kama zipo. Tangu mlipuko tulikuwa tunakula biskuti tukiwa tumesimama. Pale ikabidi tukae, tungoje chungu. Watoto wakaanza kucheza. Bibi akaanza kumkosoa mwenyeji wetu namna ya kutwanga, tukajua amepona hofu. Tulikula na bugali ya muhogo, usiku ardhi ikatetemeka tena, lakini tulilala.

Mdigo wa Ruwi

Nimekuwa msomaji tu muda mrefu, leo naandika. Niko Muscat, kazi za ndani. Mama yangu alifariki Tanga na mimi mkataba haujaisha, tiketi sina. Kazikwa bila mimi.

Mama yake bosi ni bibi wa Unguja, aliondoka kule 1964 akiwa msichana, Kiswahili chake safi kuliko changu. Aliposikia akamwamuru dereva atupeleke Ruwi, hapa hapa Muscat, kwenye duka la Wahindi wa Kerala. Wale wanakula muhogo kama sisi, unakuta umemenywa na kugandishwa. Akanunua na papa mkavu. Nyumbani nikashika kisu, akaninyang'anya. "Keti kitako. Leo napika mie."

Muhogo unachemka na tui jepesi na chumvi, ukikaribia kuiva unatia tui zito, moto mdogo, unakoroga polepole lisikatike. Ndimu mwisho. Akapika akiwa kitini, magoti hayamruhusu, ananiuliza habari za mama yangu: alikuwa mrefu? alikuwa mkali? Nyumba nzima hakuna mwingine aliyeuliza.

Ngosha wa Zamu

Pole sana dada. Ila ndimu kwenye muhogo wa nazi? Tanga mnatia?

Mdigo wa Ruwi

Ya bibi hiyo, kaka. Kwetu hatutii. Sasa natia.

Mnyamavu

Mke wa Kibosho, mshare hapa Dodoma napata wapi? Dada yangu katoka hospitali juzi, hali ni kama yako.

Mke wa Kibosho

Soko la Majengo, nenda asubuhi. Sema unataka mshare mbichi kabisa, wasikubambikie bokoboko. Na ukimpelekea usimwambie lolote kuhusu kula ili apate nguvu. Weka bakuli, kaa naye.