Tupeane uzoefu: siku ekzosi (bomba la moshi) ya gari kuukuu ilipokutoa jasho

Mzee wa Corona, Jinja
Asubuhi hii jirani kawasha gari lake, mtaa mzima ukaamka. Nikaikumbuka Toyota Corona yangu ya 1996 ilipoangusha sailensa ya nyuma katikati ya msitu wa Mabira. Wenye magari nyuma yangu wanapiga honi, mimi nawapungia mkono nikidhani tunafahamiana. Ila kuanguka haikuwa shida. Shida ilikuja gereji. Bomba lenyewe lilipachikwa upesi, lakini nati za pale linapoungana na manifoldi, mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, zilikula mchana wote. Kutu imezishika, spana inateleza, fundi anazipasha kwa gesi mpaka zinakuwa nyekundu, na bado bolti moja ikakatikia ndani. Mwageni ya kwenu.

Boda Mstaafu
Bolti kukatikia ndani! Mzee, usinikumbushe, nimekula sasa hivi.

Fundi Katwe
Nati ya namna hiyo hailazimishwi ikiwa kavu. Imwagie mafuta ya kulegeza kutu jioni, iache ilale nayo, kesho uipashe moto ndipo uifungue. Na wakati wa kufunga mpya, usikaze kitu chochote mpaka mfumo wote uwe umening'inia. Anzia kwenye injini ukirudi nyuma, nati zikiwa za mkono tu. Lala chini utazame: bomba lisiguse ekseli, lisikaribie tangi la mafuta. Likikaa sawa, hapo ndipo ukaze. Anayekaza mbele kwanza hulivuta bomba kwa nguvu huko nyuma, na atalisikia likigonga sakafu kwenye kila tuta kutoka hapa hadi Malaba. Gasketi ya zamani itupe, ikishabonyea haizibi tena.

Nyabo wa Ntinda
Na zile hanga za mpira zinazoning'iniza bomba. Watu hununua sailensa mpya wakaitundika kwenye mipira iliyopasuka, halafu wanashangaa.

Duka Kisekka
Hayo mateso yote ya nini? Njooni Kisekka, soko la vipuri Kampala, mchukue mfumo mzima uliofunguliwa kwenye gari kule Japani. Unaingia bila kukata wala kuchomelea.

Fundi Katwe
Umefunguliwa pamoja na kutu yake. Kaskazini ya Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi ndiyo hiyo inayokula bomba. Mkija kwake bebeni bisibisi, mgonge chini ya sailensa na kwenye mishono. Ikitoboka, mrudishieni.

Duka Kisekka
Na bati lako jembamba unalokunja kuwa sailensa je? Msimu mmoja wa mvua limekuwa chujio la chai.

Fundi Katwe
Lipia bati nene uone. Mteja anataka ya laki moja, halafu anadai idumu kama reli.

Afande wa Tororo
Mnazozana bure. Toeni masega (katalisti, yale ya kusafisha moshi), wekeni bomba tupu. Gari langu tangu hapo linaruka.

Nyabo wa Ntinda
Linaruka au linapiga kelele, afande? Sikio humdanganya mtu akadhani ana nguvu. Na taa ya injini kwenye dashibodi umeizima kwa kipande cha utepe mweusi, naapa. Sensa ya oksijeni iliyo baada ya masega inajua kwamba hayapo.

Afande wa Tororo
Utepe umeujuaje?

Boda Mstaafu
😂😂😂

Dereva wa Kabale
Kwa haki, masega yangu yalikuwa yameziba kweli. Injini ilikuwa inakula oili, masizi yakajaa, gari likawa halipandi mlima hata kwa gia ya kwanza. Lakini afande, fundi wako aliyapeleka wapi yale aliyotoa? Mle ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Ulimlipa mtu akuibie.

Bibi Angara, Bombo
Ninyi mnacheka. Mimi nasimulia ili mjue.

Tulikuwa tunatoka msibani Arua, gari la kukodi, wagoni ya zamani. Pakwach tukanunua samaki wakavu aina ya angara, gunia zima, pamoja na magodoro, kwa hiyo mlango wa nyuma haukufunga. Dereva akaufunga kwa kamba, ukabaki wazi kiasi cha mkono. Gari lilikuwa linanguruma tangu Nebbi. Nikamuuliza, akajibu, "Mama, ni ekzosi tu, tutabadilisha Kampala." Karuma mvua ikatukamata, tukapandisha vioo vyote.

Baada ya hapo mjukuu mkubwa akasema kichwa kinamuuma. Tukamwambia alale. Mdogo akatapika, tukalaumu samaki. Mimi mwenyewe nikahisi mikono mizito kama si yangu, lakini sikuwa na hofu, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo: unalegea bila hofu. Binti yangu akanyamaza. Dereva akaanza kuhama upande wa barabara, akirudi, akihama tena. Kabla ya Kafu akasimama nyuma ya lori lililoegeshwa, akalaza kichwa kwenye usukani.

Mwenye lori, Mungu ampe umri, alikuja kugomba kwamba tumemziba. Akafungua mlango, akatuangalia mara moja tu, akapiga kelele: "Watoto nje! Wote nje!" Akatuburuta tukakaa kwenye matope, mvua inatunyeshea. Akasema ni moshi wa gari, ameona wenzake wakifa hivyo wamelala kwenye kabini. Kituo cha afya wakawawekea watoto oksijeni.

Gari lilipopandishwa jeki, bomba lilikuwa limekatika chini ya kiti cha nyuma, na sakafu hapo juu ina tundu ambalo kizibo chake cha mpira kilitoka siku nyingi. Juu ya hapo, mlango wa nyuma ukiwa wazi, gari likitembea linanyonya moshi wake lenyewe.

Nyabo wa Ntinda
Poleni sana bibi. Nimeshika kifua.

Boda Mstaafu
Naomba radhi kwa kicheko changu.

Afande wa Tororo
Pole mama. Lakini moshi si unanuka? Mngesikia.

Dereva wa Kabale
Kabonimonoksidi, gesi ya sumu ya moshi huo, haina harufu wala rangi. Inashika damu pale oksijeni ilipopaswa kukaa. Na hiyo harufu nyingine ya moshi, uisikie wapi na gunia la angara mgongoni?

Bibi Angara, Bombo
Mwambie, mwanangu. Naye dereva alidai nauli kamili.

Fundi Katwe
Wote wenye magari ya zamani: asubuhi injini ikiwa baridi iwasheni nje, si ndani ya banda, mtu azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi. Ukisikia "sss" chini ya gari, kuna tundu. Masizi meusi kwenye kiungo pia ni ushahidi. Na anayekuja kuchomelewa, hakikisha fundi ametoa waya wa betri kwanza.

Boda Mstaafu
Mimi natembea na vioo chini.

Dereva wa Kabale
Ukija Kabale usiku, kwa baridi yake, utavipandisha mwenyewe.

Mzee wa Corona, Jinja
Tangu 2018 gari lililopita miaka 15 haliruhusiwi kuingizwa nchini Uganda, kwa hiyo haya tuliyonayo tutazeeka nayo. Duka Kisekka, sailensa ya kati ya Toyota Noah inaingia kwenye Toyota Ipsum? Ni ya shemeji yangu.

Duka Kisekka
Inaingia, mzee. Kipande kidogo tu cha kuongezea.

Fundi Katwe
Si ulisema bila kukata wala kuchomelea?