Ruta ya kampuni au ninunue yangu? Faiba imefungwa ila chumbani haifiki

Baba_Tabata: Wakuu, habari za jioni. Nimefungiwa faiba, kifurushi cha Mbps 20. Sebuleni kilipo kifaa mambo safi, ila chumba cha watoto, kuta mbili mbele, video inazunguka tu. Fundi kasema nisiguse kitu, ruta ni mali ya kampuni. Jirani anasema niitupe, ninunue yangu Kariakoo niichomeke faiba. Nimsikilize nani?

FundiNyaya: Jirani atakupoteza. Hicho kiboksi kina vitu viwili ndani: ONT, inayogeuza mwanga wa faiba kuwa data, halafu ruta yenye Wi-Fi. Ruta nyingi za dukani zina tundu la kebo ya kawaida tu, ule waya mwembamba wenye kichwa cha kijani hauingii. Hata ukipata yenye tundu lake, kwa kawaida mtambo wa kampuni unaitambua ONT kwa namba yake ya usajili. Ukiweka ngeni, taa ya PON, ile ya laini ya faiba, itapepesa mpaka asubuhi. Na usiukunje huo waya, ndani ni kioo.

Mama_K: Kabla ya kutoa hela, chomeka laptop kwa kebo kwenye hicho kiboksi upime. Ikija 20, laini nzima na mbaya wako ni Wi-Fi. Ikija 6, hata ruta ya milioni haikusaidii, wapigie simu.

Baba_Tabata: Nimepima, inakuja 19 na ushee.

FundiNyaya: Basi ni kuta. Kiboksi kibaki, vuta kebo ya mtandao ya Cat5e mpaka chumbani, weka ruta yako kule kama AP, yaani ya kurusha Wi-Fi tu. Hapo DHCP, kazi ya kuvipa vifaa anwani za mtandao, inazimwa kwenye ruta na kiboksi ndicho kinagawa. Jina la Wi-Fi na paswedi weka zile zile.

Kijana_wa_Moshi: Mimi sipendi kifaa ambacho kampuni inaweza kukiingia kwa mbali. Niliomba wakiweke bridge, yaani kipitishe data tu bila kazi ya ruta, wakanipa jina na paswedi ya PPPoE, ya kuingilia laini, ruta yangu ndiyo inapiga laini.

Mama_K: Huko kuingia kwa mbali ndiko kunafanya watengeneze bila kukutumia mtu. Mtu anayetaka katuni tu za watoto bridge ya nini?

Kijana_wa_Moshi: Haya, kwake AP inatosha. Ila asichomeke tu ruta kwenye WAN, tundu la kuingizia intaneti, akaondoka, atakuwa na NAT mbili, yaani anwani zinabadilishwa mara mbili, na gemu za mtandaoni na kamera huwa zinasumbua hapo.

Baba_Tabata: Nina ruta ya zamani kabatini, ya 2.4 GHz tu. Itafaa?

FundiNyaya: Kwa Mbps 20 inafaa, usinunue kitu. Masafa hayo yanapenya ukuta kuliko 5 GHz, ila majirani wote wamo humo. Moja iweke chaneli 1, nyingine 6 au 11, zisigombane.

Baba_Tabata: Nashukuru sana mkuu. Na umeme ukikatika?

Mama_K: UPS ndogo za ruta, yaani betri za akiba, zipo. Soma adapta zote mbili kwanza: nyingi ni volti 12, lakini ruta za zamani zipo za volti 9 na za 5. Ukiipa volti kubwa kuliko yake unaweza kuiunguza.

FundiNyaya: Na ampea pia. UPS itoe ampea zinazotosha vyote viwili kwa pamoja.

Baba_Tabata: Kiboksi 12, ruta ya kabatini 9. Natafuta UPS yenye matundu ya volti zote mbili.