MREJESHO: Corolla iliyokuwa inavuta kushoto na kula tairi

Wakuu, niliuliza kuhusu Corolla yangu ya 1998 inayovuta kushoto na kula tairi za mbele kwa ndani, wakati alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) imepigwa majuzi tu. Asanteni sana, hasa mkuu uliyesema nikague miguu ya gari (viungo vinavyoshika magurudumu) kwanza.

Fundi wa Kizota, Dodoma, alianza kwa kubadilishana tairi za mbele, ya kushoto kulia. Gari likavuta kulekule, kwa hiyo tairi hazikuwa chanzo. Akapiga jeki, akashika gurudumu pembeni kwa mikono miwili, akalitikisa: likacheza. Tairodi endi ya kushoto, kile kiungo cha usukani na gurudumu, imekwisha. Bushi za loa amu (mipira ya mkono wa chini unaoshika gurudumu) ndiyo usiseme, mpira umepasuka hadi chuma kinaonekana. Hapo alaimenti ingekaaje? Kwenye mashine vipimo vinasoma vizuri gari likiwa limesimama, ukikanyaga breki tu gurudumu linahama.

Tumefunga bushi na tairodi endi mpya pande zote mbili, ndipo nikarudi kupiga alaimenti. Nimekwenda Kibaigwa na kurudi, usukani umenyooka kabisa. Nimefurahi mno! Tairi zilizoliwa nimezitoa, nyuzi zilishaanza kuchungulia.

Imebaki shokapu ya nyuma kulia inayovuja, hiyo mwisho wa mwezi.