Mthamini kaandika "huenda nyumba inasogea", benki imefunga mlango, gharama zote juu yangu

Wakuu, leo nina hasira, nivumilieni.

Nyumba yangu iko kusini-mashariki mwa London, moja ya zile za matofali zilizoungana mtaa mzima, za enzi za Malkia Victoria. Riba ya mkopo wa nyumba niliyofungiwa, ile isiyobadilika kwa muda maalum, inakaribia kwisha, nikaomba kuhamishia mkopo benki nyingine na kuongeza kidogo nitengeneze paa. Mshahara safi, historia ya madeni safi. Wakamtuma mthamini wao. Jamaa kaingia, kapima vyumba, kakodolea macho ufa ulio juu ya dirisha la mbele, kasepa. Jibu likaja: huenda jengo linasogea, kwa hiyo thamani yake kwa ajili ya mkopo ni sifuri. SIFURI! Nyumba ambayo watoto wangu wamelala ndani yake usiku huu.

Nikaomba niione hiyo ripoti. Hawatoi, eti ni mali ya benki. Ada ya uthamini nimelipa mimi!

Kwa wasioujua mji huu: sehemu kubwa ya London imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi. Kiangazi unasinyaa, baridi ikija unanyonya maji unavimba. Hizi nyumba za zamani misingi yake ni mifupi, na miti ya barabarani, ambayo ni ya manispaa wala si yangu, inafyonza maji hapo hapo. Kiangazi cha 2022, joto lilipofika nyuzi 40, kampuni za bima zilipokea madai ya nyumba kutitia kwa wingi. Nionyesheni nyumba ya zaidi ya miaka mia mji huu isiyo na ufa hata mmoja. Cha kuuliza ni kama ufa unaendelea au ulishatulia zamani, na hilo halijibiwi kwa kutupa jicho.

Basi nikatoa hela nyingine, nikamwita injinia wa majengo. Huyo alifanya kazi. Kapima ufa, kakagua kuta ndani na nje, mpaka mabomba ya maji taka. Kaandika: ufa haufiki milimita 2, na kwenye jedwali la BRE, taasisi ya utafiti wa majengo, wanalotumia wote hapa, mpaka milimita 5 ni uharibifu mdogo, unaziba unapaka rangi. Msogeo ni wa zamani. Kasaini kwa jina lake.

Benki ikajibu: asante kwa ripoti, sasa tunaomba ufa ufuatiliwe kwa mwaka mmoja.

Mwaka! Huku riba yangu ikiisha naangukia ile ya kawaida ya benki yangu ya sasa, ambayo ni ya kukomoa tu.

Na msiniambie "baki na benki yako". Najua, kubadilisha riba kwa benki ile ile mara nyingi hawatumi mthamini. Ndiko ninakoelekea, kwa riba mbovu kuliko niliyokuwa nimeipata. Lakini hela ya paa hawaongezi bila uthamini, tunarudi pale pale. Mvua haisubiri.

Kinachonichoma zaidi ni hiyo "huenda". Mthamini akiandika "huenda" amejikinga, hakuna atakayemshtaki kwa tahadhari. Haimgharimu senti. Mimi ndiye wa kuthibitisha kuwa nyumba haianguki. Na kuanzia sasa kila nikibadilisha bima naulizwa kama nyumba imewahi kuonyesha dalili za kutitia. Nikificha, siku ya madai wananikataa. Nikisema, bei inapanda.

Malalamiko rasmi nimeshapeleka. Wana wiki 8 za kujibu, wakinizungusha naenda kwa msuluhishi wa huduma za fedha.

Waliopo Uingereza: kuna aliyepata benki inayokubali ripoti ya injinia bila huo mwaka wa kusubiri? Dalali wenu wa mikopo ni nani? Njooni PM. Wa kuniambia niuze nirudi Tanga, leo mnipishe.