Kijiti cha mshikaki kwenye distribyuta yangu! Nani alimpa ruhusa?

Boxer1600
Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka Coco Beach sasa hivi, na nisipoandika hapa nitapasuka.

Yule mtu. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayetokea kila mahali magari ya zamani yanapokusanyika, ila gari lake mwenyewe halijaonwa barabarani tangu Mzee Ruksa yuko Ikulu. Leo zamu ilikuwa yangu. Nimefungua boneti ya nyuma ya Beetle ili baba mkwe aone injini. Baba mkwe, wakuu! Nimemwalika kwa heshima zote, kavaa shati la pasi. Huyu bwana kaja anatafuna mshikaki, kainama bila hata hodi, kagonga kifuniko cha distribyuta yangu, ile inayogawia plagi umeme, kwa kijiti. Kijiti cha mshikaki! Kina mafuta, kina pilipili. Tok, tok. Halafu kwa sauti ya mnadani: "Bado uko na platinamu? Weka elektroniki wewe, hii ya makumbusho!"

Baba mkwe akacheka.

Sasa niambieni. Elektroniki faida yake ni kwenye mizunguko mikubwa, na injini ya 1600 inatoa nguvu zake zote, farasi 50 hivi, kwenye mizunguko 4000 kwa dakika. Mimi natoka Tegeta naenda Mwenge. Kwenye foleni ile mizunguko 4000 nitaipatia wapi, angani? Platinamu, ile swichi ndogo ya kufunga na kukata umeme ndani ya distribyuta, nimeitega kwa mkono wangu, nafasi ya milimita 0.4 kwa fila, ukigusa swichi tu gari limewaka. Ikichoka naipiga msasa naendelea na safari. Yeye anataka niing'oe niweke kidude cheusi ambacho kikifa pale Bunju saa tano usiku hakuna binadamu wa kukifufua.

Lakini hata hilo ningelisikiliza. Angenivuta pembeni. Watu wazima huvutana pembeni! Yeye katumia kijiti. Kwenye distribyuta. Mbele ya baba mkwe wangu. Na alipoondoka nimekuta tone la mafuta kwenye waya wa plagi ya silinda namba 3, ile ile inayoteswa na joto kuliko zote kwenye injini hizi, ndiyo kaiwekea pilipili!

Watu wa aina hii wasikaribie boneti iliyo wazi, wakae mita mia moja. Nimemaliza.

Sijamaliza. Kijiti alikitupa chini, pembeni ya tairi langu.

Datsun_A12
Huyo huyo! Mimi alinigongea kabureta kwa ufunguo. Akasema jeti zangu, yale matundu ya petroli, ni ndogo. Hajafungua kitu, hajasikiliza injini, kagonga tu na kuhukumu. Pole sana mkuu, hayo maumivu nayajua.

Mama_Landrover
Kaka Boxer, pole. Ila nimesoma mara mbili na bado sielewi aliyekuumiza ni mwenye kijiti au ni baba mkwe aliyecheka.

Boxer1600
Dada, baba mkwe tumwache. Kijiti! Kama angegonga kwa kidole nisingefungua uzi.

KipandeChaChuma
Hahaha, uzi mzima kijiti. Mkuu, hebu tuambie ukweli, alipogonga gari lilikuwa linaunguruma vizuri au lilikuwa linamisi? Maana huyo mzee humpendi lakini masikio yake hayadanganyi.

Boxer1600
Lilikuwa limezimwa! Angesikia nini? Kagonga distribyuta iliyolala, kwa kijiti chenye pilipili, akatoa hukumu.

V8_Houston
Wakuu, niko Texas, nina pikapu ya zamani nimeifunga Chevrolet V8 ya 350, na ugomvi huu huku kwa watu wa hot rodi, magari ya zamani yaliyoongezwa nguvu, hauishi. Mleta uzi yuko sahihi kwa gari lake, nieleze kwa nini.

Koili, inayotengeneza umeme mkali wa cheche, inahitaji muda wa kujaa umeme kila platinamu inapofunga. Kwa Beetle, platinamu inakaa imefunga nyuzi 50 hivi za mzunguko wa distribyuta. Kwenye mizunguko 4000 ya injini hiyo ni kama milisekunde 4, koili inajaa na kubaki. V8 ina silinda nane za kuhudumia kwa distribyuta moja, platinamu inafunga nyuzi 30 tu. Nikifika 6000 koili yangu inapata chini ya milisekunde 2, cheche inakonda, injini inaanza kukata. Hapo elektroniki ina maana. Lakini hiyo ni ya uwanja wa mashindano. Barabarani mimi mwenyewe sivuki 3500.

Wengi huku wanakimbilia sanduku la MSD, kifaa cha elektroniki cha kuongeza cheche, wakiamini linamwaga cheche nyingi muda wote. Cheche nyingi zipo mizunguko ya chini. Ukivuka kama 3000 inabaki moja moja. Wanatoa dola zao, na taimingi ya distribyuta, yaani wakati cheche inapotoka, hawajaigusa kabisa, wakati faida kubwa ya barabarani imelala humo kwenye taimingi. Na GM walipoifanya elektroniki ya kawaida kwenye magari yao ya 1975 hawakuwa wanatafuta mbio. Walitaka gari likae muda mrefu bila kuguswa na fundi.

KipandeChaChuma
Tumeulizwa kijiti, umetuletea hesabu za kidato cha nne.

V8_Houston
Kijiti nacho kibaya. Huku ukimgusia mtu injini bila ruhusa mnaweza kufika pabaya.

Boxer1600
Asante mkuu wa Houston!!! Wengine mmesikia? Hata Texas hakuna vijiti.

Fundi_Gerezani
Naomba niongee kama mtu anayeshika hivi vitu kila siku. Nyote mnabishania platinamu na elektroniki, distribyuta yenyewe hamuitazami. Mhimili ukiwa umekula bushi, unacheza, platinamu inafunguka leo hivi kesho vile, gari linamisi. Ukifunga elektroniki linatulia kidogo, mteja anasema "ona, platinamu ilikuwa mbovu". Platinamu haikuwa mbovu! Bushi ndiyo mbovu. Ile fiba ya platinamu nayo huliwa taratibu, nafasi inapungua, taimingi inachelewa, hilo ndilo la kweli wanaloweza kulalamikia, na dawa yake ni kutega upya.

Na wenye Beetle nawaomba sana. Gari likikohoa unapokanyaga mafuta kutoka sailensa, yaani injini ikizunguka taratibu bila mguu, kabla hujalaumu platinamu angalia kama hukufungiwa distribyuta ya 009. Ile haina vakyumu, kile kifaa cha kusogeza taimingi kwa mvuto wa hewa ya injini. Kohoa yake ni ya kuzaliwa nayo.

Lakini malalamiko yangu mimi ni mengine kabisa. Wateja! Nakufungia moduli nzuri ya elektroniki, nakuonya usiache swichi imewashwa injini imezimwa, unaitikia "sawa fundi". Unaenda unakaa kwenye gari unasikiliza mpira wa Simba na Yanga dakika zote tisini, swichi iko wazi, koili inachemka, moduli inakufa. Kesho unakuja gerejini kwangu umenuna unasema nimekufungia feki. Mbele ya wateja wengine!

Datsun_A12
Fundi, na nyinyi mnaobadilisha plagi mpya mkaturudishia za zamani mmezisugua kwa brashi?

Fundi_Gerezani
Siyo mimi. Hao wako upande wa pili wa barabara.

Boxer1600
Fundi, fiba yangu nzima, bushi yangu nzima, vakyumu ninayo. Kwa hiyo unakubali hakuwa na sababu ya kugonga?

Mama_Landrover
Mmegusa kidonda changu. Siyo platinamu, siyo elektroniki, ni VIJANA WA KUOSHA MAGARI. Nimewaambia mara zote, injini ya Land Rover yangu 109 msiielekezee mpira wa maji. Nageuka kulipia, nasikia shwaaa. Maji ndani ya kifuniko cha distribyuta, maji kwenye koili, gari halitaki hata kujaribu. Wananisukuma watu sita kwenye jua, nimevaa nguo za harusi, na yule aliyemwaga maji ndiye anasema "mama, hii gari imechoka, tafuta IST".

KipandeChaChuma
"Tafuta IST"!! Dada, hapo ningekaa chini nikalia.

Datsun_A12
Mimi waliniambia nitafute Passo. Gari langu walikuwa wameshaliua kwa maji yao, ushauri juu.

Boxer1600
Maji nayo mabaya, sikatai, lakini jamani turudi kwenye kijiti.

Mama_Landrover
Kaka, kijiti unafuta kwa kitambaa. Mimi nilifungua kifuniko nikakuta bwawa. Nilikausha kwa mtandio wangu wa harusi.

Fundi_Gerezani
Dada ulifanya vizuri. Ukimaliza kukausha ndani, kausha na waya wa koili pale unapoingia, hapo ndipo watu wanasahau.

KipandeChaChuma
Dada, hao waosha magari ni wa pale Sinza, karibu na kona ya vibanda vya chips?

Mama_Landrover
Hapo hapo!

Datsun_A12
Hao hao! Hao ndio walionipotezea mfuniko wa oili, nikafika nyumbani injini yote imeoga. Nilirudi kuuliza wakasema nilikuja bila mfuniko.

KipandeChaChuma
Mimi walinirudishia gari na kandambili ya mtu chini ya kiti. Mwenye nayo akaja kunidai.

Mama_Landrover
Fungua uzi wao, tuje wote.