Tutachekaje na misukosuko ya safari bila kumuumiza mtoto?

Swali, kutoka kwa mama wa watoto watatu

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu jambo lililonikaa moyoni tangu turudi kutoka likizo ya familia. Siku ya kwanza tu, ndege ilichelewa kwa saa sita, mtoto wetu mdogo akatapika ndani ya kofia ya baba yake garini, na usiku tulipofungua sanduku tulilodhani ni letu tukakuta limejaa suruali za mwanamume mrefu mno, zimekunjwa kwa ustadi, na miwani ya kusomea imefichwa ndani ya soksi.

Mambo mawili ya kwanza tuliyacheka hadi machozi yakatutoka. La tatu lilitushinda, kwa sababu aliyelitambua sanduku hilo kwenye mkanda wa mizigo alikuwa binti yetu wa miaka tisa, ambaye tulimkabidhi kazi hiyo naye akaifanya kwa fahari. Baba yake, akitaka kuwachangamsha watu waliochoka, alisimama na kumtangaza kuwa ndiye mkaguzi mkuu wa mizigo. Sote tulicheka, naye akacheka kidogo, kisha akaingia bafuni na kufungulia bomba. Nilipomfuata nilimkuta amekaa sakafuni, amekumbatia taulo, analia bila kutoa sauti.

Sanduku lilirudishwa kwa mwenyewe kesho yake na letu tukalipata, lakini binti yangu hakutaka tena kushika mzigo wowote. Sitaki familia yangu iache kucheka, maana kicheko ndicho kinachotuvusha. Je, ninyi mnajuaje kwamba mzaha huu utawaliwaza watu na ule utamchoma mmoja wao?

Jibu la kwanza, kutoka kwa mwalimu wa saikolojia

Dada yangu, pole kwa yaliyowapata. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Rod Martin na wenzake walieleza mitindo minne ya ucheshi: unaowaunganisha watu, unaomsaidia mtu kujipa moyo, unaowashambulia wengine, na ule ambao mtu hujidhalilisha ili akubalike. Mume wako alikusudia mtindo wa kwanza, lakini binti yenu aliupokea kama wa tatu, na mwenye kauli ya mwisho hapo ni aliyeupokea.

Watafiti Peter McGraw na Caleb Warren nao walieleza mwaka 2010 kwamba jambo huchekesha pale linapokwenda kinyume na utaratibu na papo hapo likaonekana halina madhara. Kwenu watu wazima sanduku la mgeni halikuwa na madhara, kwa kuwa mlijua litarudishwa. Kwa mtoto aliyepewa dhamana, madhara yalikuwa bado yapo palepale mezani, mbele ya watu wote. Wala kicheko chake kidogo kisiwapotoshe. Robert Provine, aliyetafiti kicheko kwa miaka mingi, alikuta kwamba watu hucheka takriban mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao, na kwamba mara nyingi kinachowachekesha si mzaha wenyewe. Mtoto anaweza kucheka ili tu asitengwe.

Jibu la pili, kutoka kwa babu wa wajukuu saba

Mwanangu, wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na mimi nimeuona usaha huo katika familia za watu ninaowapenda. Kwetu tuna kanuni moja: mwenye mkasa ndiye mwenye hadithi, na mpaka aisimulie yeye mwenyewe, sisi wengine midomo yetu imefungwa.

Mwanangu wa pili, alipokuwa na miaka kumi na mmoja, alitupandisha sote kwenye treni iliyokuwa ikielekea upande mwingine, na kituo kilichofuata kilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Hakuna aliyesema neno. Mama yake alimpa nafasi ya dirishani, tukasafiri. Ilipita miaka miwili kabla hajaisimulia, na alipoisimulia aliigiza uso wangu nilipokuwa nikisoma majina ya vituo na kuyaona yakipungukiwa na maana kimoja baada ya kingine. Kumbe siku ile, katika aibu yake yote, alikuwa akinitazama mimi! Tulivunjika mbavu. Mwambie mumeo amwombe radhi binti yake faraghani, kwa maneno machache, asijitetee.

Jibu la tatu, kutoka kwa msafiri mwenye watoto wadogo

Nayakubali yaliyosemwa, ila naongeza kwamba mzaha wa saa nne usiku, watu wakiwa na njaa na usingizi, huwa na bahati mbaya tangu mwanzo. Sisi hushughulikia kwanza mwili, ndipo tuseme neno. Kichefuchefu cha safari hutokana na sikio la ndani kuhisi mwendo ambao macho hayauoni, na huwasumbua zaidi watoto wa kati ya miaka 2 na 12. Kwa hiyo mwekeni mdogo mahali anapoweza kutazama mbali nje, bila kitabu wala simu mkononi.

Kuhusu sanduku, mwacheni binti achague kitambaa cha rangi anayoipenda na akifunge mwenyewe kwenye mpini. Kazi yake atakuwa amerudishiwa bila hotuba.

Muulizaji anarejea

Nawashukuru nyote. Mume wangu alimwomba radhi binti yetu wakiwa wawili tu, na kitambaa cha manjano sasa kinaning'inia kwenye sanduku. Jana shangazi yake alipouliza habari za safari, sote tulinyamaza, na mimi nilibana pumzi. Binti ndiye aliyeanza. Alisimama, akavuta kiuno cha suruali isiyoonekana hadi kwapani, akatembea hatua tatu na kujikwaa. "Nilivaa moja mlipolala," akasema, "halafu nikaikunja vilevile ilivyokuwa." Kisha akamtazama baba yake, na baba yake akacheka.